Basuni: Chombo Kilichoacha Gwaride

Atazamaye gwaride huvutwa kwanza na tarumbeta zing'aazo na ngoma kubwa itoayo mshindo wa hatua. Ni wachache wajuao kwamba katika karne ya 18 bendi za majeshi ya Ulaya zilikuwa pia na chombo kirefu cha mti, chenye sauti nzito na ya upole. Jina lake ni basuni.

Basuni ni jamaa ya zumari. Mpigaji hupuliza ndimi mbili za tete zilizofungwa pamoja, nazo zikitikisika kwa pumzi ndipo sauti huzaliwa. Bomba lake likinyoshwa lingefikia kiasi cha mita 2 na nusu. Kwa hiyo limekunjwa, likashuka na kupanda tena, ili mtu aweze kulishika. Kidole gumba cha mkono wa kushoto peke yake hutawala vibonyezo vingi, na kukizoeza ni kazi ya miaka.

Bendi ya Kikosi cha Mizinga cha Kifalme cha Uingereza, iliyoundwa mwaka 1762 huko Minden, Ujerumani, wakati wa Vita vya Miaka Saba, ilikuwa na basuni 2. Kazi yake ilikuwa kushika sauti za chini, mfano wa msingi ushikao nyumba. Lakini uwanjani upepo huvuma na viatu hukanyaga, na sauti ya upole humezwa. Vikaja vyombo vya shaba vyenye nguvu zaidi, na mwaka 1835 tuba ikapewa hati ya uvumbuzi mjini Berlin. Kidogo kidogo basuni ikaachia wengine nafasi yake katika safu.

Je, huo ulikuwa mwisho wake? La, hasha. Ndani ya ukumbi, katika okestra, upole uliokuwa udhaifu uwanjani ulikuwa sifa. Antonio Vivaldi wa Venice alikwisha kuitungia konseto zaidi ya 30. Wolfgang Amadeus Mozart aliitungia ya kwake mwaka 1774, naye ni kijana wa miaka 18. Mwaka 1913 mjini Paris, Igor Stravinsky alifungua bale yake mashuhuri kwa sauti ya basuni peke yake, ikipanda juu kupita desturi yake.

Naye Ludwig van Beethoven alikumbuka uaskari wake. Katika sehemu ya mwisho ya simfoni yake ya 9, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824, waimbaji hufikia kilele, kisha wote hunyamaza. Katika kimya hicho basuni na ngoma kubwa hutoa milio mifupi, mizito, kama nyayo za kikosi kijacho kutoka mbali. Ndipo muziki wa gwaride hufuata.

Mzazi apendaye kuwafunza watoto kuitambua sauti hiyo na awatafutie hadithi ya Petro na mbwa mwitu, aliyoitunga Sergei Prokofiev mwaka 1936. Humo basuni ndiyo sauti ya babu: hunung'unika, huonya, wala haina haraka. Watoto humcheka babu huyo, lakini onyo lake lilikuwa la kweli, kwani mbwa mwitu alikuja.