Punje Zinazokunywa Mayi



Mwezi huu tuzungumuze juu ya kitu kinachopatikana mu nyumba nyingi, lakini watu wachache njo wanakijua kwa jina. Kamata chupa ya jeli ya nywele. Ukiigeuza kichwa chini, jeli haianguki. Ukifinya chupa, inatoka na kutembea sawa mayi. Ukiacha kufinya, inasimama tena. Je, ile ni mayi ama ni kitu kigumu? Karibu yote ni mayi, ndugu yangu, lakini mayi yenyewe yamefungwa ndani ya punje ndogo-ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Wenye elimu wanaziita mikrojeli.

Punje ile imejengwa namna gani? Wazia uzi murefu wa molekule zilizoshikamana moja kwa moja sawa shanga. Uzi wa namna hii unaitwa polimeri. Sasa funga nyuzi nyingi pamoja kwa mafundo, fasi na fasi, mupaka upate sawa wavu wa muvuvi uliokunjwa. Wavu ule unapenda mayi. Mayi yanaingia, nyuzi zinasukumana na kutaka kuachana, lakini mafundo yanazikataza. Basi punje inavimba mupaka nguvu ya kuvuta ya mafundo inalingana na nguvu ya mayi yanayoingia, halafu inasimama. Mafundo yakiwa mengi, inavimba kidogo. Yakiwa machache, inavimba sana.

Mama anayepika bukari anajua tayari nusu ya somo hili. Unga nao uko na punje zake, zinakunywa mayi ya moto, zinavimba, zinabanana, na mwiko unakuwa muzito. Tofauti ni hii: unga ukiisha kupikwa, hauwezi kurudi kuwa unga. Mikrojeli, yenyewe inaweza kurudi.

Mu mwaka 1978, Toyoichi Tanaka, Mujapani aliyefundisha mu chuo cha MIT kule Marekani, alionyesha kwamba jeli inaweza kupungua kwa gafula, kwa sababu tu ya badiliko dogo la joto ao la mayi iliyomo. Mu mwaka 1986, Pelton na Chibante waliandika namna ya kutengeneza punje ndogo kabisa za polimeri moja ambayo jina lake ni refu mupaka wenyewe wanalikata: PNIPAM. Mu baridi, punje ile inajaa mayi na kunenepa. Joto likipita degre 32 hivi, inatema mayi na kukonda, na mayi yaliyokuwa safi yanageuka meupe sawa maziwa. Ukiipoza, inanenepa tena. Mwili wetu uko na degre 37. Ndiyo sababu watu wa laboratwari wanaichunguza kama kifuko cha kubeba dawa: inavimba mu chupa ya baridi, inajikamua mu mwili.

Tena punje hizi hazitulii hata kidogo. Molekule za mayi zinazipiga kila upande, na zenyewe zinatangatanga bila njia. Robert Brown aliona mutembeo wa namna hii mu mwaka 1827 kwa vidude vilivyotoka mu unga wa maua, na Einstein akaueleza mu mwaka 1905. Punje iliyonenepa inatembea polepole kuliko iliyokonda. Na ukizijaza nyingi mu chombo, kila moja inafungwa na majirani sawa mutu mu lori lililojaa. Mipira migumu iliyomwangwa ovyo-ovyo inakwama ikiisha kujaza karibu 64 kwa 100 ya nafasi. Lakini mikrojeli ni laini, inajikunja, inajifinya, inatoa mayi kidogo, na ingine inapata fasi. Sasa munaelewa kwa nini jeli ya nywele inasimama mu chupa: punje zimebanana. Kufinya kunazilazimisha kuteleza.

Bavijana, mujaribu hii: mutie chumvi kidogo juu ya jeli, mukoroge. Mara nyingi itayeyuka sawa mayi. Nyuzi zake ziko na umeme unaozifanya zisukumane; chumvi inafunika umeme ule, na punje inakonda. Ni vilevile mu kushi ya bebe, ile bamama wengi wanaiita tu pampers. Unga ulio ndani yake unaweza kunywa mayi safi kabisa mara mamia ya uzito wake, lakini mukojo uko na chumvi, na mu mukojo inakunywa mara makumi tu.

Sasa neno ambalo nataka bazazi walisikie. Kuna shanga za rangi zinazouzwa kama mucheko ya watoto na mapambo ya maua. Zikiwa kavu ni ndogo sawa punje ya mutama. Zikilala mu mayi masaa machache zinakuwa sawa bili ya kuchezea, zingine kubwa kupita. Mutoto akimeza moja, inaweza kuvimba ndani ya matumbo na kuziba njia ya chakula. Mu mwaka 2023 kule Marekani, mutoto wa miezi 10 alikufa kwa namna hii, na duka likaondoa mucheko ule. Mimi sioni sababu ya kuviingiza mu nyumba yenye mutoto anayetambaa.

Akiisha kumeza, musingojee. Alama ni kutapika, tumbo kuvimba na kuuma, kukataa chakula, kukosa choo. Lakini mwanzoni anaweza kucheza tu vizuri. Na musiseme, «Muchungaji aliandika kwamba chumvi inakondesha», mukamunywesha mayi ya chumvi! Chumvi nyingi inaweza kuua mutoto mudogo. Mumupeleke lopitali, na mubebe shanga ingine ao pakiti yake, mumwonyeshe munganga, maana mara nyingi picha ya radio haizionyeshi: zimejaa mayi, na mwili nao ni mayi.