Protoni si muujiza, jamani!

Siku hizi nikikaa kijiweni na wasomi wenzangu nasikia wimbo uleule: eti tiba ya eksirei imepitwa na wakati, mwenye kansa auze kiwanja akatibiwe kwa protoni India. Jamani, nani katuloga?

Nianze na haki yao, nisije nikaitwa mbishi. Mwaka 1946 mwanafizikia Robert Wilson alieleza jinsi protoni zinavyoweza kutibu. Eksirei ikiingia mwilini inaunguza uvimbe, halafu inaendelea na safari hadi itokee upande wa pili, ikichoma na pasipohusika. Protoni humwaga nguvu yake nyingi mwisho wa safari, kisha inakoma. Kwa mtoto mwenye uvimbe kwenye ubongo, ambaye ataishi na madhara miaka 60 ijayo, hilo ni jambo kubwa. Hapo sibishani.

Nabisha pale tunapoambiwa kila kansa ni hivyo. Marekani wanaume wengi wametibiwa tezi dume kwa protoni, kwa bei kubwa. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya utafiti wa PARTIQoL, wanaume 450. Miaka miwili baada ya tiba, hali ya utumbo ilikuwa sawa kwa waliopata protoni na waliopata eksirei za kisasa. Kudhibiti kansa? Sawa pia. Sasa kiwanja umeuzia nini?

Turudi kwetu. Kansa inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi. Ikiwahiwa, inatibika kwa mionzi ya kawaida, ya nje na ya ndani. Tatizo ni mashine na foleni.

Mnakumbuka Uganda 2016? Mashine ya mionzi ya Mulago, ya kobalti, ndugu yake eksirei, iliharibika. Ilikuwa moja nchi nzima! Mpya ikazinduliwa Januari 2018. Katikati hapo waliobahatika walipelekwa Nairobi. Wengine je? Hao hawakukosa protoni. Walikosa mashine moja inayowaka.

Kituo kikubwa cha protoni kinaweza kula zaidi ya dola milioni 100. Mashine ya eksirei ni milioni chache. Piga hesabu mwenyewe ni mikoa mingapi hiyo.

Kwa hiyo mwanasiasa akija kutuahidi protoni, tumuulize kwanza: hizi tulizonazo, fundi wake yuko wapi na vipuri viko wapi?

Naomba kuwasilisha.