Lipia Kwanza Kisichobadilika

Mtu anayeagiza kompyuta mpakato mpya, ama kwenye ukurasa wa mtengenezaji katika intaneti ama mbele ya meza ya duka, huulizwa maswali mengi kabla fedha zake hazijapokewa: prosesa ipi, kumbukumbu kiasi gani, diski ya ukubwa gani, kioo cha namna gani, waranti ya mwaka mmoja au ya miaka mitatu. Swali lililo kubwa kuliko hayo yote aghalabu haulizwi, nalo ni hili: katika vitu hivi anavyovichagua leo, ni vipi vitakavyoweza kubadilishwa au kuongezwa miaka ijayo kwa mkono wa fundi wa kawaida, na ni vipi vitakavyobaki kama vilivyotoka kiwandani mpaka siku ya mwisho ya kompyuta yenyewe? Rai yangu ni kwamba fedha ya mshitiri, iwe nyingi au haba, yapasa itangulie kwenye vile visivyobadilika, hata ikimlazimu kustahimili udogo katika vile vinavyobadilika. Na ni rai inayopingana na desturi ya wengi wetu, ambao huanza kwa kununua jina la prosesa na ukubwa wa diski, kisha mengine yote wakayagawia makombo yaliyosalia.

Hiari hii ya kuchagua si ya kale sana. Michael Dell, aliyeanza biashara yake mwaka 1984 katika bweni la Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alistawi kwa kuwaundia watu kompyuta kwa kadiri ya maagizo yao pasipo kupitia kwa wenye maduka. Na mwaka 1996 kampuni yake ikaanza kuuza kwa njia ya intaneti, ambako mteja huketi nyumbani kwake akitazama bei inavyopanda na kushuka kwa kila alama anayoitia. Desturi hiyo ni njema kwa asili yake, kwani haifai mhasibu alipie mtambo wa mhariri wa filamu, wala mwanafunzi alipie mtambo wa mhasibu. Walakini maswali yote yametungwa na mwenye kuuza, na vipago vya bei vimepangwa naye vilevile, cha chini kikiwa na bei ya kuvutia na mtambo dhaifu, cha pili kikiwa na nafuu ndogo kwa nyongeza kubwa, hata mteja aliyeingia na azma ya kutumia kiasi fulani hujikuta amekwisha kupanda mbali na hajui ni kipago gani kilichomponza.

Kama kuna mtu anayefikiri kwamba nyongeza ya bei ni kipimo cha gharama ya kitu chenyewe, na aitazame Apple. Kwa muda mrefu MacBook Air ya bei ya chini iliuzwa ikiwa na gigabaiti 8 za kumbukumbu, na aliyetaka 16 aliongeza dola 200 za Kimarekani. Tarehe 30 Oktoba 2024 kampuni hiyo ilitangaza kuwa kipago cha chini kitakuwa na gigabaiti 16, na bei ikabaki dola 999 kama ilivyokuwa. Kilicholipiwa dola 200 wiki moja kabla kilitolewa pasipo nyongeza wiki iliyofuata, na kampuni haikufilisika. Nguvu ya kutoza namna ile ilitoka mahali pamoja tu: kumbukumbu ya kompyuta zile imefungamanishwa na prosesa katika kipande kimoja, wala hakuna fundi, si wa Kariakoo wala wa California, anayeweza kuiongeza baada ya sanduku kufunguliwa. Mahali ambapo mshitiri hana njia ya kurudi, ndipo mwuzaji anapopanga bei kama apendavyo.

Basi na tuanze na kumbukumbu hiyo, wanayoiita RAM, kwa kuwa ndiyo iliyowatia watu wengi katika majuto. Kazi yake ni kushika yale ambayo kompyuta inayashughulikia kwa wakati ule, na ikijaa, mtambo hulazimika kuyahamishia kwenye diski na kuyarudisha kila yanapohitajika, jambo ambalo mtumiaji huliona kwa sura ya kishale kinachozunguka na subira inayopungua. Kampuni ya Microsoft imeandika kuwa Windows 11 huridhika na gigabaiti 4, na huo ni ukweli wa aina ya peke yake, kwani mfumo utawaka, lakini mwenye kufungua kurasa chache za intaneti pamoja na hati moja ya kuandikia atakuwa amekwisha kufika ukingoni. Fauka ya hayo, kompyuta nyingi za bei ya kati hazina kumbukumbu ya pekee kwa ajili ya picha za kioo, bali huazima katika hiyo hiyo RAM, hata gigabaiti 8 zilizoandikwa kwenye sanduku huwa pungufu kabla mwenyewe hajagusa kitu.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito, maana kumbukumbu ilikaa kwenye matundu yake, na fundi kwa bisibisi moja aliweza kuichomoa na kuitia nyingine. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina matundu mawili ya namna hiyo, na betri moja ya kuchomoa kwa nje. Ndugu yake wa mwaka huo huo, X1 Carbon, aliye mwembamba na mwepesi, kumbukumbu yake imetiwa lehemu kwenye bodi mama. Insafu yanitaka niseme kwamba lehemu haikuletwa kwa hila tupu, kwani kumbukumbu za namna ile hula umeme kidogo na huchukua nafasi ndogo, na wanaotembea na kompyuta mchana kutwa hunufaika kwa yote mawili. Lakini tofauti hii, inayoamua umri wa kompyuta kuliko tofauti nyingine yoyote, huandikwa kwa herufi za chini kabisa katika karatasi ya maelezo, kama huandikwa.

Kwa hiyo, kama kumbukumbu imetiwa lehemu, mtu asinunue kwa haja ya leo. Anunue kwa haja ya mwaka wa tano, na kwa mtumiaji wa kawaida ambaye si mhandisi wala mhariri wa filamu sioni sababu ya kushuka chini ya gigabaiti 16. Kama kuna matundu, anayo ruhusa ya kuchukua kidogo na kuacha tundu moja wazi, ijapokuwa vipande viwili vinavyolingana hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja. Hata hivyo, ruhusa hiyo nayo ina mpaka wake, kwani waliojiambia kwamba wataongeza baadaye kwa bei rahisi walikuta, mwishoni mwa mwaka 2025, bei ya kumbukumbu imepanda vibaya, viwanda vikiwa vimeelekeza sehemu kubwa ya bidhaa zao kwenye mitambo ya akili mnemba.

Diski haihitaji maneno mengi. Ile ya kuzunguka, iliyokuwa ya kawaida zamani, isikubaliwe tena kuwa diski kuu ya kompyuta mpya, hata ikitajwa kuwa na terabaiti nzima. Diski ya SSD ya gigabaiti 256 itamfaa mwenye kazi za ofisi, na aghalabu hubadilishwa kwa kufungua parafujo chache ndogo. Hatari imo katika kompyuta za bei ya chini sana zenye hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 64, iliyotiwa lehemu nayo, ilhali gigabaiti 64 ndicho kiwango cha chini kinachotakiwa na Windows 11 yenyewe. Mnunuzi wa mtambo ule amenunua ghala lililokwisha kujaa, na siku mfumo utakapotaka kujisasisha atatakiwa kufuta picha za harusi ya dada yake ili kuupisha.

Sasa tufike kwa prosesa, mahali ambapo hadaa ni kubwa na ambapo wanunuzi wa miji yetu huumia zaidi, kwa sababu kompyuta nyingi zinazouzwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni zile zilizokwisha kutumika Uingereza au zilizopitia Dubai. Mtazame kijana anayejiandaa kwenda chuo, amesimama dukani na mjomba wake aliyechanga fedha: mezani zipo kompyuta mbili za bei zinazokaribiana, moja ina kibandiko kidogo cha i7 karibu na mahali pa kuweka kiganja, ya pili ina kibandiko cha i3, na mwuzaji, pasipo kusema uongo hata neno moja, anagonga ukucha juu ya ile saba na kusema, "Hii ndiyo kubwa, mzee." Ile i7, ukiiwasha na kufungua taarifa za mfumo, yaweza kuwa i7-3520M, ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2012 ikiwa na viini viwili, na ile i3 yaweza kuwa i3-1215U, ya kizazi cha kumi na mbili, iliyotoka mwaka 2022 ikiwa na viini sita, nayo huishinda ile ya kwanza kwa kasi na kwa matumizi madogo ya umeme. Tarakimu zinazofuata kistari ndizo zinazotaja kizazi, na ndizo zisizoandikwa kwenye kibandiko. Tangu Desemba 2023, Intel ilipoanza kutoa prosesa zake kwa jina la Core Ultra na kuiacha ile herufi i, maarifa haya madogo nayo yamezidi kuchanganyikana.

Kizazi kina jambo lingine kubwa kuliko kasi. Microsoft ilikomesha matunzo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa jumla haizipokei prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, hata mwenye i7 ya zamani amebaki na fahari ya kibandiko juu ya mfumo usiotibiwa maradhi yake. Mimi kwa mizani yangu ningechukua prosesa ya daraja la kati ya kizazi cha karibuni, yenye herufi U mwishoni mwa namba yake, nikaiacha ile ya H yenye kula betri na kupuliza joto, isipokuwa kwa yule anayeijua kazi itakayoitumia. Wala nisingeongeza fedha kwa ajili ya kile kitufe cha Copilot kilichoanza kutiwa kwenye kibodi mwaka 2024, maana huduma za akili mnemba wanazozitumia wengi wetu hufanyika katika mitambo ya mbali.

Vitu visivyobadilika vyenye kusahauliwa kuliko vyote ni vile ambavyo macho na vidole huvigusa kila siku. Kioo cha pikseli 1366 kwa 768, chenye mng'aro wa niti 220, kitakuwa hivyo hivyo miaka yote, na mwalimu anayesahihisha kazi barazani saa nne ya asubuhi ataona humo uso wake mwenyewe kuliko maandishi. Nyongeza ya kupata pikseli 1920 kwa 1080 na niti 300 au 400, kioo kisichoakisi, ni katika nyongeza chache ninazoziona kuwa halali yake mwuzaji. Kadhalika kibodi: iliyotoka Ujerumani imebadilishana nafasi ya Z na Y, ya Kifaransa humfaa aliyezoea uandishi wa Bujumbura au Lubumbashi na kumtaabisha wa Arusha, na taa za chini ya vitufe aghalabu haziwezi kuongezwa baadaye. Betri hubadilika, lakini ukubwa wa nafasi yake haubadiliki. Panapokuwa na hiari ya wati-saa 41 au 57, wale wanaoikumbuka miezi ya mgao wa umeme nchini Tanzania mwishoni mwa 2023 hawana haja ya kushauriwa. Na waranti ya miaka mitatu iliyonunuliwa Sharja isilipiwe mpaka mtu ajibiwe kwa maandishi kama inatambuliwa Mombasa.

Haitoshi kuwahimiza wanunuzi wawe na hadhari, hali wenye kujua ni wenye kuuza. Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2021, kompyuta mpakato sharti iuzwe ikiwa imeonyeshwa karibu na bei yake alama, kati ya 0 na 10, ya wepesi wa kutengenezwa. Na Umoja wa Ulaya umeziwekea kompyuta hizi sharti la kuchajiwa kwa tundu la USB-C kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Shirika la Viwango Tanzania na lile la Kenya hayahitaji kuanza na kubwa namna hiyo. Karatasi yenye mistari michache, iliyobandikwa kwenye sanduku au juu ya kompyuta iliyotumika, ikitaja mwaka wa prosesa, kama kumbukumbu ina matundu au imetiwa lehemu, na kama diski yaweza kubadilishwa, ingewagharimu wafanyabiashara senti chache na ingewaokoa wazazi wengi. Mpaka itakapopatikana, mshitiri aulize namba kamili ya modeli, wala si jina la familia yake, aitafute karatasi ya maelezo ya mtengenezaji kwa simu yake palepale mezani, na asome mstari wa kumbukumbu kabla hajatazama mstari wa prosesa. Duka lisilotaka kuitaja namba hiyo lina majirani wengi mtaani.