Musisinye karatasi mbele ya kuzika



Mara mingi hapa tunaongea mbegu na bei ya mawese. Leo tunaongea kifo, juu kazi ya shamba nayo inaua.

Tulikaa kwenye matanga ya kijana mmoja hapa Barumbu. Alikuwa anakata ngazi kwa patroni, kamba ya kupandia ilikuwa imechakaa, ikakatika. Patroni alileta sanduku, mufuko wa mchele na karatasi: familia imelipwa, maneno yamekwisha. Muzee wa familia alisinya. Mjane hakuulizwa kitu.

Sisi tunasema wazi: ule ulikuwa mchango wa matanga. Haki ya familia ni kitu ingine.

Watu walisema: "Lakini hakuwa na kontra." Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 haikubali maneno hayo. Kontra ya mdomo nayo ni kontra. Washahidi na daftari ya kazi vinaweza kuihakikisha. Hata mutu wa siku kwa siku, akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akachukuliwa tena mbele ile miezi haijaisha, anahesabiwa mutu wa kazi ya kudumu.

Familia iko na njia tatu. Ya kwanza ni CNSS. Kila patroni anapaswa kuilipa 1,5% ya mshahara juu ya hatari za kazi, bila kukata mfanyakazi. Mjane na watoto wanaweza kuomba pensheni na msaada wa mazishi. Kama patroni hakulipa, kosa ni lake. Muende tu kuuliza.

Ya pili ni inspekta wa kazi. Anaita pande mbili wapatane. Wakishindwa, anaandika, ndipo munaenda tribinali ya kazi. Bila kupita kwake, tribinali haipokei.

Ya tatu, kama kifo kimetoka kwa uzembe, ni parke. Kuua bila kukusudia ni kosa, na familia inaweza kuomba fidia mule mule ndani ya kesi.

Muchunge cheti cha kifo, karatasi za hospitali, za ndoa na za kuzaliwa kwa watoto, na majina ya wale walioona. Ndoa ya kimila isiyoandikwa kwa leta itamusumbua mjane. Muiandikishe leo, mungali wazima.

Tusinyooshee patroni peke yake kidole. Kooperative nayo inachukua vijana wa kufyeka na wa kukamua mawese. Siku hiyo patroni ni sisi. Kwa mkutano unaokuja, kabla ya kugawa faida, tuulize: vijana wetu wameandikwa CNSS? Kamba yao ni nzima? Kama jibu ni hapana, faida ile haijakuwa yetu bado.