Kifyatuo Chepesi, Fundi Mwepesi

Ubingwa wa fundi haupimwi kwa kazi anazozikubali tu. Hupimwa pia kwa zile anazozikataa. Neno hili niliwaambia walimu wanafunzi chuoni kwa miaka mingi, nikiwa nawafikiria seremala na mwashi. Leo nalielekeza kwa mafundi wa bunduki wa Marekani, wale wanaozitengeneza moja moja kwa ajili ya mashindano, kwa sababu kwao asiyelijali anaweza kuua mtu.

Upo mchezo wa kulenga shabaha ambao bunduki hulazwa juu ya meza imara, mbele ikiwa na kiegemeo na nyuma mfuko wa mchanga. Chama chake cha kitaifa huko Marekani kiliundwa mwaka 1951. Mshindani hupiga risasi tano kwenye karatasi iliyo yadi 100 mbele yake, kiasi cha meta 91, kisha hupimwa umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Mwaka 1973 Mac McMillan alipata inchi 0.009. Rekodi hiyo ilidumu miaka 40, hadi Mike Stinnett alipopata inchi 0.0077 mwaka 2013. Hata robo ya milimeta haifiki! Wanaobeza kwamba hapo hupiga meza na si mtu, na wajaribu wao kuusoma upepo kwa vibendera, tuone watafika wapi.

Ugomvi wangu uko kwenye kifyatuo, kile kidude kinachovutwa kwa kidole. Katika bunduki ya kuwindia huhitaji nguvu ya kilo moja na nusu hivi. Katika bunduki ya meza, wakia mbili zatosha, yaani gramu 57: uzito wa yai la kuku. Wala hayo si madaha. Katika daraja jepesi bunduki hairuhusiwi kuzidi ratili 10 na nusu, karibu kilo 4.8, na washindani wengi hawaishiki kabisa. Kidole pekee ndicho kinachoigusa. Kitu cha kilo 4.8 kisichoshikwa, ukikivuta kwa nguvu ya kilo moja na nusu, hakikosi kujongea, na shabaha imekwenda.

Basi fundi huingia kazini. Ndani ya kifyatuo mna vyuma viwili vigumu vinavyoshikana ukingoni, na mshikano huo ndio unaoizuia pini isiipige risasi. Fundi huupunguza, huzilainisha nyuso zake kwa jiwe la kunolea, hubadili springi. Akizidisha kidogo tu, vyuma huachana bila kidole: bolti ikifungwa kwa kishindo, au kitako kikigongwa chini, risasi hiyo imetoka. Na akisugua mpaka akaimaliza ile ngozi nyembamba iliyotiwa ugumu, chuma laini kilichobaki kitalika siku hadi siku, na kifyatuo kilichokuwa salama leo hakitakuwa salama mwakani.

Mbona basi watu hawafi mezani? Kwa sababu usalama haukuondolewa, umehamishwa. Umetoka kwenye kifyatuo ukaingia kwenye kanuni. Bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, hukaa nje ya bunduki mpaka msimamizi atoe amri ya kuitia. Mtu yeyote akienda mbele kwenye karatasi, bolti zote ziko nje. Risasi hutiwa moja moja, na mtutu muda wote umeelekezwa kwenye shabaha. Vingi vya vifyatuo hivyo havina hata kizuizi cha usalama, maana meza na amri vimeibeba kazi hiyo.

Sasa mwondolee mtu meza, msimamizi na amri, umwachie kifyatuo kilekile. Mpeleke porini, risasi ikiwa tayari ndani, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, moyo unadunda kwa kukimbia, na mwenzake yuko hatua tano mbele. Amebeba nini huyo kama si kifo kinachosubiri kujikwaa? Hata hivyo wapo wateja wanaotaka bunduki zao za kuwindia zilainishwe karibu na zile za mezani, eti ndio ubora, na wapo mafundi wanaopokea fedha na kutii. Husema mteja ndiye mwenye bunduki. Ni kweli, lakini anayetembea mbele yake hakuulizwa.

Ajali ikitokea, utasikia ikisemwa kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo naiheshimu inapomliwaza mfiwa. Inapomkinga fundi, naikataa katakata. Kinga ilikuwapo: ni ule mshikano wa vyuma viwili, naye ndiye aliyeusugua akaumaliza kwa mkono wake.

Fundi wa kweli huuliza kwanza bunduki itatumika wapi. Akiambiwa mezani, hutengeneza wakia mbili kwa fahari. Akiambiwa porini, huacha uzito unaostahili. Akimaliza kazi huifunga bolti kwa kishindo na kukigonga kitako, bunduki ikiwa tupu, aone kama vyuma vitaachana. Mteja akishikilia zaidi ya hapo, humrudishia bunduki yake pamoja na fedha zake. Nawasihi wateja nao wamheshimu fundi wa namna hiyo, wala wasimkimbilie jirani yake aliye mwepesi wa kukubali.