Uvimbe Usiongoja Baraza

Maradhi mengi humwachia mtu nafasi ya kushauriana na jamaa zake. Donda la mguu laweza kungoja mpaka ndengu ziuzwe. Hata kifua kikuu, pamoja na ukali wake wote, hukaa mwilini majuma na miezi kabla ya kumlaza mgonjwa. Lakini upo ugonjwa mmoja wa watoto usiojua kungoja. Huitwa limfoma ya Burkitt, nao mara nyingi huanza kwa uvimbe wa taya. Insha hii ni ya ubishi, na ninaobishana nao si watu wa mbali. Nabishana na mazoea yetu sisi wenyewe wa Kitui na Makueni, mazoea ya kuketi na kujadili shavu la mtoto kana kwamba ni mpaka wa shamba.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Katika damu na katika tezi zetu zimo chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Katika limfoma ya Burkitt, chembe moja ya jamii hiyo huharibika: nyuzi mbili za urithi zilizomo ndani yake hubadilishana vipande, na amri ya kuzaana ambayo ilipasa kutolewa kwa kiasi ikawa inatolewa mchana na usiku. Chembe za uvimbe huu zaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa saa 24 hadi 48. Mwanafunzi wa hesabu na achukue kalamu. Kitu kinachoongezeka maradufu kila siku mbili, baada ya siku 14 kimekuwa mara 128 ya kilivyokuwa. Ni kweli kwamba uvimbe haukui kwa hesabu kamili hiyo, kwa kuwa chembe nyingi hufa zikiwa changa, lakini hesabu yatosha kuonyesha gharama ya kusema, "Tungoje majuma mawili tuone."

Na hivyo ndivyo tusemavyo. Siku ya kwanza mama huona shavu limejaa kidogo, naye huambiwa ni jino. Jambo hilo si upumbavu, maana watoto wengi wenye shavu lililovimba wana jino bovu kweli. Ila katika ugonjwa huu meno hulegea kwa sababu mfupa unaoyashika unaliwa, na mtu akiling'oa jino lililolegea hujiona amepata ushahidi: "Si mnaona lilivyokuwa bovu?" Jino limetoka, uvimbe umebaki. Juma la pili hung'olewa la jirani yake. Kung'oa meno katika taya ya namna hii ni sawa na kung'oa milango ya nyumba inayoteketea.

Jino likishakosa kuwa jibu, huja neno uoi. Hapo baraza huanza kwa nguvu mpya, kwa maana sasa hautafutwi ugonjwa, anatafutwa mtu: shangazi aliyekataliwa mahari, au jirani aliyemsifu mtoto sana siku ya arusi. Sina haja ya kuwadharau wazee wetu. Mundu mue anajua mengi juu ya mizizi na juu ya hofu za watu, na zamani hapakuwa na mwingine wa kumwendea. Lakini kosa la uoi kama jibu ni kwamba halina mwisho; kila mbuzi akichinjwa pasipo nafuu, hutafutwa mbuzi mwingine na mshitakiwa mwingine. Tukumbuke mwaka 2004. Katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya kuvu iliyoingia katika mahindi. Hakuna jicho lililoiona sumu ile, hata hivyo ilikuwa ndani ya mahindi, haikuwa ndani ya moyo wa jirani. Ilijulikana kwa kupima, na tukajifunza kuanika nafaka zetu vizuri kabla ya kuzitia ghalani. Kwa nini shavu la mtoto lihukumiwe kwa sheria nyingine?

Uvimbe huu nao ulijulikana kwa kuuliza na kupima, na ulijulikana hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, mpasuaji kutoka Ayalandi aitwaye Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine kama huyo huko Jinja. Mtu mwingine angalimwita mtoto wa pili ajabu ya pili, akaenda zake. Burkitt alirudi kwenye kumbukumbu za hospitali, akagundua kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wengi, na mwaka 1958 akaandika habari zao katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Kisha mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, alifunga safari kwa gari kuukuu, kilomita kama 16,000, kutoka Uganda kushuka mpaka Afrika ya Kusini, akiuliza katika hospitali moja baada ya nyingine: Je, mmeuona uvimbe wa namna hii? Nampenda mtu huyu kwa swali lake kuliko kwa umaarufu wake.

Jibu lililotokea lilikuwa la ajabu. Uvimbe uliandama joto na mvua, na katika nyanda za juu zenye baridi ulikuwa haba mno. Hiyo ni ramani ya mbu. Leo inajulikana kwamba malaria kali inayomrudia mtoto mara kwa mara huzisumbua chembe zile nyeupe na kuulegeza ulinzi wake. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza huko London kwamba wameona kirusi katika chembe za uvimbe zilizotoka Uganda. Nacho kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Karibu watu wote wazima wanacho kirusi hicho, wewe na mimi tukiwamo, na hakitudhuru. Kwa hiyo mtoto mwenye uvimbe haambukizi uvimbe, na hakuna sababu ya kumtenga katika dawati lake wala katika sahani ya chakula.

Mbishi atasema, "Basi hayo ni mambo ya Ziwa Viktoria na ya Pwani, sisi ni watu wa nchi kavu." Ni kweli kwamba malaria ya mwaka mzima iko huko zaidi, na uvimbe huu ni mwingi zaidi huko. Kwetu malaria huja kwa msimu, mvua zinapojaza madimbwi kando ya Athi na Tana. Lakini uchache si ukosefu. Tena watoto hawakai mahali pamoja: baba afanyaye kazi Mombasa au Kisumu huishi na watoto wake huko miaka michache, kisha huwarudisha kwa nyanya yao Mutomo au Kibwezi. Mimi naona uchache wenyewe ni hatari ya pekee. Penye ugonjwa mwingi, hata mchuuzi wa sokoni huutambua. Penye ugonjwa haba, hata mhudumu wa zahanati aweza kuusahau.

Nimeliacha nyuma neno ambalo mimi naliona baya kuliko uoi, kwa sababu husemwa na watu waliosoma: "Saratani haina dawa." Ati kumpeleka mtoto Nairobi ni kuuza ng'ombe kwa ajili ya jeneza. Neno hilo ni la uongo, na kwa ugonjwa huu ni uongo mara mbili. Dawa za saratani hupiga hasa chembe zilizo katika kugawanyika. Uvimbe unaokua polepole huzikwepa. Uvimbe wa Burkitt, kwa pupa yake ya kuzaana, hujianika mbele yake. Kasi ile ile inayoufanya uue upesi ndiyo inayoufanya upone upesi. Jambo hili lilionekana kwanza katika Afrika ya Mashariki, miaka ya 1960, Burkitt alipotumia dawa hizo Kampala, na Peter Clifford na wenzake walipozitumia Nairobi katika hospitali ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Taya zilizokuwa kama viazi vikuu zilinywea kwa siku chache, na baadhi ya watoto wale walikua wakawa watu wazima. Leo, katika nchi tajiri, hupona zaidi ya watoto 8 katika 10. Kwetu Afrika, katika mahali pengi, hupona nusu, au pungufu ya nusu. Uvimbe ni ule ule, na dawa ni za ukoo ule ule: saiklofosfamidi, vinkristini, methotreksati. Palipo na tofauti ni katika siku zilizopotea kabla ya kufika, na katika watoto wanaoondolewa hospitalini kabla ya wakati.

Hili la pili lafaa kutazamwa kwa makini, maana hutokana na furaha. Mtoto hupewa dawa ya kwanza. Baada ya juma shavu limeshuka, anakula, anacheka. Mzazi, ambaye ameacha nyumbani watoto wengine na shamba lisilopaliliwa, husema, "Amepona, twende." Hajapona. Chembe zilizobaki ni ndogo mno kuonekana, nazo hurudi, mara nyingine zikiwa zimeshika ubongo. Ndiyo sababu madaktari hurudia dawa mara kadhaa, na nyingine huzitia katika uti wa mgongo. Vile vile uvimbe ukiyeyuka kwa haraka, takataka za chembe zilizokufa huweza kuziba figo, na mtoto huhitaji maji ya mishipa na kupimwa damu siku kwa siku. Kwa hiyo si dawa ya kununuliwa dukani na kunywewa nyumbani.

Wenye mamlaka nao wasijifiche nyuma ya uoi wetu. Ni rahisi kuulaumu ujinga wa mwananchi, hali safari yenyewe kutoka Ikutha hadi Nairobi, pamoja na malazi ya mama kwa miezi, ni mzigo ambao hata mwenye elimu humwinamisha. Makueni ilionyesha mwaka 2016 kwamba kaunti yaweza kuthubutu, ilipoanzisha mpango wa matibabu ambao kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Tangu Oktoba 2024 nchi nzima ina Mamlaka ya Afya ya Jamii mahali pa NHIF. Vema. Lakini bima humlipia aliyekwisha kufika na kutambuliwa. Nani humlipia nauli? Nani hukipeleka kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe mpaka kwenye hadubini, na kurudisha jibu kwa siku tatu badala ya majuma manne? Kaunti yenye magari ya kubebea wageni wa sherehe haikosi gari la kubebea kichupa.

Nasema haya nikiwa mwalimu, na katika chuo cha ualimu twawafundisha vijana kuita majina asubuhi. Hakuna mtu mwingine nchini anayetazama nyuso arobaini za watoto kila siku ya kazi, wengi wao wakiwa katika umri ule ule, kati ya miaka minne na kumi, ambao uvimbe huu huwapata zaidi, wavulana kuliko wasichana. Na wewe msomaji una ndugu wadogo nyumbani. Ukiona shavu au taya imevimba, au jicho limesukumwa mbele, au tumbo linajaa bila sababu, andika tarehe hiyo katika daftari. Tazama tena baada ya siku tatu. Likizidi, mwambie mama au baba siku hiyo hiyo, nenda nao mpaka hospitali ya kaunti, si zahanati pekee, na umwonyeshe daktari tarehe zote mbili. Kisha muulize kwa adabu, kwa jina lake kamili: je, hii yaweza kuwa limfoma ya Burkitt?