Mji wa Zanzibar wapanuka, mashamba ya rutuba yamezwa

ONGEZEKO la nyumba pembezoni mwa Mji wa Zanzibar huhesabiwa na wengi kuwa ni dalili ya maendeleo. Hata hivyo, namna mji huo unavyopanuka inaanza kugusa uzalishaji wenyewe ambao uchumi wa Unguja unautegemea.

Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Zanzibar ina watu 1,889,773, kutoka 1,303,569 mwaka 2012. Mkoa wa Mjini Magharibi pekee ulikuwa na watu 893,169, ikilinganishwa na 593,678 miaka kumi kabla. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya ongezeko lote la Visiwani liliangukia katika mkoa huo mmoja, ambao eneo lake ni dogo.

Tatizo si wingi wa watu peke yake, bali ni mahali wanapojenga. Ardhi yenye rutuba ya Unguja iko zaidi upande wa magharibi na katikati ya kisiwa, wakati mashariki ni maweni yasiyofaa kwa kilimo kikubwa. Mji nao unapanukia huko huko kwenye rutuba. Baadhi ya mashamba ya eka tatu, waliyogawiwa wananchi kwa ajili ya kilimo baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, yamekatwa viwanja na kuuzwa.

Matokeo yake ni ya aina tatu. Kwanza, kisiwa ambacho tayari kinaagiza sehemu kubwa ya mchele wake kinazidi kupoteza mashamba. Pili, Unguja haina mto mkubwa wala ziwa. Maji yake hutoka chini ya ardhi, na kila eneo linalofunikwa kwa saruji hupunguza mvua inayopenya kurudisha maji hayo. Tatu, muda wa kazi hupotelea barabarani, kwani bandari ya Malindi, soko la Darajani na Hospitali ya Mnazi Mmoja zote zimo ndani au kando ya Mji Mkongwe, ilhali wafanyakazi wanazidi kuhamia Fuoni, Tomondo na Bububu.

Mji Mkongwe wenyewe, ulioingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, hauwezi kubeba mzigo huo. Kuporomoka kwa sehemu ya jengo la Beit al Ajaib Desemba 25, 2020, na kuua watu wawili, kulikumbusha udhaifu wa majengo yake.

Zanzibar haijakosa mipango. Mji huu umeandaliwa ramani kuu mwaka 1923, 1958, 1968 na 1982. Majumba ya Michenzani yalionesha mapema kuwa familia nyingi zinaweza kuishi kwenda juu badala ya kutanda. Mpango wa 'Ng'ambo Tuitakayo' nao ulilenga kuifanya Ng'ambo kuwa kitovu kipya cha mji.

Kilichokosekana mara nyingi ni usimamizi. Mkulima anayeuza eka yake hupata fedha leo, lakini gharama ya barabara, mabomba na chakula cha kuagizwa hulipwa na wote kesho. Mipango isiyoweza kulinda shamba la rutuba dhidi ya kiwanja itabaki makabrasha, na kisiwa hakina ardhi nyingine ya akiba.